Alois Alzheimer, munganga aliyeona nyuzi ndani ya bongo

Siku hizi jina lake linatembea mu midomo ya watu wote. Muzee akisahau mahali aliweka funguo, watoto wanacheka na kusema Alzheimer imemushika. Mutu akikosa jina la jirani yake, ni vilevile. Lakini ukiuliza Alzheimer ilikuwa nini mbele ya kuwa jina la ugonjwa, wengi wananyamaza. Ilikuwa jina la mutu: munganga wa Ujerumani, baba ya watoto watatu, mutu munene mwenye miwani na sigara kubwa mu mukono. Hakuvumbua dawa hata moja. Kitu alichofanya ni hiki: aliketi karibu na mama mumoja aliyekuwa anapoteza akili, akamusikiliza siku kwa siku, na kisha kifo cha yule mama akaangalia bongo yake mu mikroskopi. Akaona nyuzi zilizojisokota ndani ya seli, nyuzi ambazo mbele yake hakuna munganga aliyekuwa ameziandika. Leo tunajua nyuzi zile zimeundwa na proteini inayoitwa tau. Yeye hakusikia hata siku moja neno lile. Alikufa miaka 60 mbele ya watu kulitumia.

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 mwezi wa 6 mwaka 1864 mu Marktbreit, muji mudogo wa Bavaria pembeni ya muto Main. Baba yake, Eduard, alikuwa mwandishi rasmi wa mikataba, yule anayetia muhuri wakati watu wanauzishana shamba ao wanagawana urithi. Ilikuwa familia ya Wakatoliki, yenye kula vizuri bila kuwa ya matajiri. Watoto walipokomaa, ikahamia Aschaffenburg, juu kule njo kulikuwa masomo mazuri. Alois alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1883, akaenda kusomea uganga Berlin, kisha Tübingen na Würzburg.

Musifikiri alikuwa mwanafunzi wa kujifungia mu chumba na vitabu. Mu Würzburg aliingia mu chama cha wanafunzi ambamo vijana walipigana kwa panga kwa ajili ya heshima, na akatoka mule na kovu ya maisha upande wa kushoto wa uso. Kitabu chake cha kumaliza masomo, mwaka 1887, kilizungumuzia vijitundu vinavyotoa nta ya sikio. Ndiyo, nta ya sikio! Mutu anaweza kucheka, lakini kazi ile ilimufundisha kukata nyama ya mwili vipande vyembamba sana, kuvitia rangi, na kuvisoma mu mikroskopi bila haraka. Ufundi ule njo uliomubeba maisha yake yote.

Mwezi wa 12 mwaka 1888 akapata kazi Frankfurt, mu hospitali ya wagonjwa wa akili na wa kifafa. Ilikuwa jumba kubwa, na watu wa muji waliiita Ngome ya Wazimu. Mukubwa wa hospitali, munganga Emil Sioli, alikuwa anatafuta vijana wa kumusaidia, juu wagonjwa walikuwa wengi na waganga wachache. Wakati ule, mu hospitali nyingi za Ulaya mugonjwa wa akili alifungwa kamba ao kutiwa mu chumba cha peke yake mpaka achoke. Sioli na Alzheimer walikataa. Wakaweka vyumba vikubwa ambamo wagonjwa walilala pamoja wakichungwa, na yule aliyekuwa na fujo alitiwa mu maji ya moto kidogo kwa masaa mengi mpaka roho yake itulie. Si dawa ya kuponya. Lakini mugonjwa alibaki mutu.

Miezi michache kisha, akafika munganga mwingine, Franz Nissl. Huyu alikuwa amegundua rangi ya kuonyesha mwili wa seli ya bongo wazi kabisa. Wawili wale wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Muchana walizunguka mu vitanda vya wagonjwa, usiku walikaa mu mikroskopi wakibishana mpaka saa za kulala zinapita. Swali lao lilikuwa moja: mutu akipoteza akili, kuna kitu gani kinaharibika mu bongo yake, kitu cha kuona na macho? Wakati ule swali lile halikupendwa na wote. Waganga wengi wenye sifa walikuwa wanasema magonjwa ya akili yanatoka mu maisha ya mutu, mu huzuni na mu siri zake, na kupasua bongo ni kupoteza wakati. Mu Wien, Sigmund Freud alikuwa karibu kuanza kuwavuta watu upande ule.

Mwaka 1894 Alzheimer alioa Cecilie Geisenheimer, mujane wa mufanyabiashara tajiri wa almasi. Wakazaa watoto watatu: Gertrud, Hans na Maria. Mali ya bibi yake ilimupa uhuru ambao waganga wengine hawakuwa nao, kwani angeweza kufanya utafiti hata bila mushahara, na kweli baadaye alifanya vile. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1901 Cecilie alikufa. Mutoto wa mwisho alikuwa angali mudogo sana. Dada ya Alois akaja kulea watoto, na yeye akajitupa mu kazi sawa mutu anayekimbia nyumba yake.

Ilikuwa mwaka ule ule, tarehe 25 mwezi wa 11, Auguste Deter alipoletwa mu hospitali ya Frankfurt. Alikuwa na miaka 51. Bwana yake, Karl, alikuwa karani wa njia ya reli. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi kwa amani, mpaka siku moja mama akaanza kumushitaki bwana kwamba anatembea na jirani. Kisha ile, chakula kikaanza kuharibika mu nyungu. Vitu vya nyumba alivificha na kusahau mahali alivificha. Alitembea mu nyumba bila sababu, akaogopa watu anaowajua, akaamini kwamba kuna wanaotaka kumuua. Bwana alivumilia mpaka akashindwa.

Kesho yake Alzheimer aliketi karibu naye na daftari. Alimuuliza jina lake, na akalisema: Auguste. Akamuuliza jina la familia, akajibu Auguste. Akamuuliza jina la bwana yake, akafikiri kidogo, akajibu tena Auguste. Muchana alikuta anakula nyama ya nguruwe na koliflawa. Akamuuliza anakula nini, mama akasema ni muchicha. Alimuonyesha kalamu, kifuko cha makuta, sigara, na vyote alivitaja vizuri. Kisha dakika chache hakujua tena kama ameonyeshwa kitu. Alipoombwa aandike jina lake kamili, aliandika neno la kwanza, maana ya mama fulani, akasimama pale. Ilibidi kumurudilia kila neno, juu lilikuwa limeshatoka mu kichwa. Mara kwa mara yule mama alilalamika kwamba amejipoteza mwenyewe. Alijua kuna kitu kinamuponyoka. Njo ile inayoumiza ukisoma habari zake: hakuwa mutu asiyejua, alikuwa mutu anayejiona anatoka.

Alzheimer aliandika yote, maswali na majibu, bila kuchagua. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Alikuwa ameshaona wazee wengi wa miaka 70 na 80 waliosahau kila kitu, na waganga wote waliita hali ile uzee tu. Lakini huyu alikuwa na miaka 51. Uzee gani?

Mwaka 1902 aliondoka Frankfurt, akaenda Heidelberg kufanya kazi na Emil Kraepelin, munganga wa akili mwenye jina kubwa kupita wote mu Ujerumani, na mwaka 1903 wakahamia pamoja München. Kule Alzheimer akaongoza chumba cha utafiti wa bongo. Mwanzoni hakulipwa kitu, na vifaa vingine alivilipia mu mufuko wake. Lakini hakumusahau Auguste. Toka mbali aliendelea kuuliza habari zake Frankfurt.

Chumba kile cha München kilivuta vijana toka inchi mbalimbali. Majina yao leo yanajaa mu vitabu vya uganga: Creutzfeldt, Jakob, Lewy, kila mumoja na ugonjwa wa bongo unaobeba jina lake. Watu wanahadisia kwamba Alzheimer alikuwa anapita toka mikroskopi mpaka mikroskopi, anaketi karibu na mwanafunzi, anaweka sigara pembeni, anaanza kueleza, kisha anasahau sigara pale na kuwasha nyingine. Magharibi, kila meza ilikuwa na kipande cha sigara.

Kati ya wanafunzi wale kulikuwa mumoja ambaye wasomaji wetu wanapashwa kumujua. Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872. Babu yake alikuwa mutumwa Virginia, akajinunua uhuru wake, akarudi Afrika. Fuller alivuka bahari mwaka 1889 kwenda kusoma Marekani, akatoka munganga Boston mwaka 1897. Mwaka 1904 alifika München, akachaguliwa kufanya kazi na Alzheimer mwenyewe. Kisha kurudi Marekani aliandika juu ya nyuzi za seli za bongo mwaka 1907, na miaka michache kisha akatafsiri na kukusanya kwa lugha ya Kiingereza habari zote zilizojulikana za ugonjwa huu mupya. Iniversite yake ilimulipa kidogo kuliko wenzake weupe, mpaka akastaafu mwaka 1933. Kwa miaka mingi, waliosimulia historia ya ugonjwa wa Alzheimer walimuruka. Mwana wa Afrika alikuwa mu chumba kile toka mwanzo, na ni vizuri watoto wetu walijue.

Auguste Deter alikufa tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 1906. Mu miaka ya mwisho hakuzungumuza tena. Alilala amejikunja mu kitanda, na vidonda vya kulala muda mrefu viliingiza uchafu mu damu. Sioli alituma bongo yake na daftari zake München. Alzheimer, pamoja na Waitaliano wawili, Perusini na Bonfiglio, akaikata vipande vyembamba.

Rangi ya Nissl peke yake haikutosha. Miaka michache mbele, munganga wa Berlin, Max Bielschowsky, alikuwa ametengeneza njia ya kutia vipande vya bongo mu maji ya feza. Feza inashika nyuzi ndogo za ndani ya seli na kuzifanya nyeusi. Mu bongo nzima nyuzi zile ni nyembamba na zimepangwa vizuri. Mu bongo ya Auguste, Alzheimer aliona zimekuwa nene, zimejikusanya, zimejisokota sawa kamba iliyofungwa vibaya. Mahali pengine seli yenyewe ilikuwa imekwisha kuoza na kutoweka, na paka fundo la nyuzi lilibaki kuonyesha kwamba pale palikuwa seli. Alihesabu: kati ya robo na theluthi ya seli za ngozi ya juu ya bongo zilikuwa vile. Tena, inje ya seli, akaona madoa madogo, uchafu uliogandamana, umetawanyika kila mahali. Vitu viwili, basi: madoa inje, nyuzi ndani.

Tarehe 3 mwezi wa 11 mwaka 1906 alipeleka habari ile mbele ya waganga wenzake mu mukutano wa Tübingen, muji ambamo alikuwa amesomea. Alieleza maisha ya mama, akaonyesha picha za nyuzi na madoa. Alipomaliza, mukubwa wa mukutano akauliza kama kuna maswali. Hakuna aliyeinua mukono. Wakapita kwa mahubiri yaliyofuata, ya mambo ya tamaa za mwili, na pale watu wakaamuka! Gazeti la muji lilimupa Alzheimer maneno machache tu. Mwaka 1907 alichapisha habari ile kwa kurasa chache, na hakuna aliyepiga kelele.

Jina lilikuja kwa mulango mwingine. Mwaka 1910 Kraepelin alitoa chapa mupya ya kitabu chake kikubwa cha magonjwa ya akili, na mule akaandika juu ya ugonjwa wa Alzheimer. Wagonjwa waliojulikana walikuwa bado wachache sana. Kwa nini alifanya haraka vile? Wengine wanasema ni juu ya Prague. Kule kulikuwa chumba kingine cha utafiti, cha Arnold Pick, na munganga Oskar Fischer alikuwa ameandika juu ya madoa yale ndani ya bongo za wagonjwa wengi kuliko Alzheimer. München haikutaka kushindwa na Prague. Wengine wanasema Kraepelin alitaka paka kuonyesha kwamba magonjwa ya akili yana alama mu nyama ya bongo, na pale alikuwa na mufano. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli. Fischer, yeye, alikuwa Muyahudi, na alikufa mwaka 1942 mu kambi ya Theresienstadt.

Alzheimer mwenyewe hakuonekana mwenye furaha nyingi na zawadi ile. Alijiuliza kama kweli ni ugonjwa wa peke yake, ao ni kitu kile kile kinachowapata wazee, kilichofika mapema. Na mwaka 1911 alifanya jambo ambalo mutu mwenye kutafuta sifa hangelifanya. Alikuwa na mugonjwa mwingine, mufanyakazi wa mikono anayejulikana kwa jina la Johann F., aliyekuwa na miaka 56 alipoingia hospitali. Alisahau sawa Auguste. Alipokufa, bongo yake ilikuwa imejaa madoa, lakini Alzheimer alitafuta nyuzi na hakuzikuta. Angeweza kunyamaza. Aliandika wazi kwamba hazikuwepo. Mu maandishi yale yale alieleza tena kitu kingine: mu bongo za wagonjwa wa aina iliyochunguzwa na Pick wa Prague, wale wanaopoteza tabia na lugha mbele ya kumbukumbu, hakukuwa madoa, kulikuwa vidonge vya mviringo vinavyoshika feza, ndani ya seli. Hakuweza kujua kwamba nyuzi za Auguste na vidonge vile vinatoka mu kitu kimoja.

Mwaka 1912 mufalme wa Ujerumani akamutaja kuwa profesa wa magonjwa ya akili mu Breslau, muji ambao leo ni wa Poland na unaitwa Wrocław. Ilikuwa cheo alichokingojea muda mrefu. Lakini mu gari la moshi la kumupeleka kule akashikwa na ugonjwa. Ulianza mu koo, ukashuka mpaka mu moyo na figo. Hakupona tena vizuri. Alifanya kazi hata wakati vita kubwa ilipoanza, wanafunzi wake wakienda mu jeshi, lakini nguvu zilikuwa zinapunguka. Alikufa tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 1915. Alikuwa na miaka 51, sawa miaka ya Auguste siku ile alipoingia Frankfurt. Walimuzika Frankfurt, pembeni ya Cecilie.

Kisha kifo chake, nyuzi zile zilikaa karibu miaka 70 bila mutu kujua zimeundwa na nini. Mu miaka ya 1960, mikroskopi za umeme zilionyesha kwamba kila uzi ni nyuzi mbili ndogo zinazozungukana. Mwaka 1975, mu Princeton, Marekani, watafiti waliokuwa wanachunguza bongo za nguruwe walikuta proteini ndogo, wakaiita tau, herufi ya Kigiriki. Hawakuwa wanatafuta ugonjwa wowote. Walitaka kujua seli inajengaje vimirija vyake.

Hapa inafaa tueleze kidogo. Seli ya bongo ina mukia mrefu. Mingine inafika hata metre moja. Ndani ya mukia kuna vimirija vidogo sana, na juu yake vyakula na vifaa vya seli vinasafiri toka mwanzo mpaka mwisho, sawa mabehewa ya Karl Deter juu ya njia ya reli. Tau kazi yake ni kushikilia vimirija visiachane, sawa mbao za chini zinavyoshikilia reli. Mu bongo ya mugonjwa, tau inabandikwa fosfati nyingi kupita kiasi. Inaachia reli. Njia inalegea, mizigo inakwama, na vipande vya tau vilivyoachia vinaanza kushikana vyenyewe kwa vyenyewe, viwiliviwili, vikijisokota mpaka vinajaza seli. Seli inakufa, fundo linabaki. Njo ile Alzheimer aliona mwaka 1906 na maji yake ya feza.

Kwamba fundo lile ni tau, ilijulikana toka mwaka 1985. Kati ya wa kwanza kuonyesha vile ni Jean-Pierre Brion na wenzake, Brussels, mu Iniversite Libre, muji ambamo waganga wetu wengi wamesoma. Mwaka uliofuata, watafiti wa New York wakaonyesha habari ya fosfati. Lakini mabishano hayakuisha. Wengine walisema madoa ya inje, yale ya proteini inayoitwa amiloidi, njo yanaanza fujo yote, na tau ni majivu tu kisha moto. Mwaka 1998 ikagunduliwa kwamba kuna familia ambazo kasoro ndogo mu jeni ya tau peke yake inatosha kuwapotezea watu akili, bila amiloidi. Basi tau si majivu. Na vidonge vya Pick, vile Alzheimer alivieleza mwaka 1911, navyo ni tau. Hata bongo za wapiganaji wa ngumi waliopigwa kichwa miaka mingi zina nyuzi za tau.

Kuna jambo lingine lililotoka mu kufuata nyuzi zile. Mwaka 1991 Heiko Braak na bibi yake Eva walionyesha kwamba hazianzi popote. Zinaanza mu sehemu ndogo ya ndani, upande wa sikio, sehemu inayopokea mambo mapya na kuyatuma yahifadhiwe. Pale njo sababu muzee anasahau kama amekula asubuhi, lakini anakuhadisia tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, na nguo aliyokuwa amevaa, na nani alikuwa pembeni yake. Kumbukumbu za zamani zimehifadhiwa mahali pengine, nyuzi hazijafika kule. Kisha zinapanda, sehemu kwa sehemu. Mutu anakosa njia ya nyumba. Anaamuka usiku wa manane na kutembea mu kiwanja. Anamushitaki mukwe wake kwamba ameiba makuta. Anazungumuza na watu waliokufa.

Mu mitaa yetu mingi, mama muzee anayefanya vile anaitwa mulozi. Kuna wanaofukuzwa mu nyumba walizozijenga wenyewe, na kuna wanaopigwa na wajukuu waliowabeba mu mugongo. Auguste Deter alificha vitu, aliogopa jirani, alitembea usiku, alimushitaki bwana yake. Hakuna hata kimoja kati ya mambo tunayoyaita ya kulogwa ambacho hakikuandikwa mu daftari yake ya mwaka 1901. Na Frankfurt haikumutafuta muchawi. Ilimuita munganga.

Dawa ya kuponya bado haijapatikana. Zile zilizokubaliwa Marekani mu miaka hii zinafagia madoa ya amiloidi na kupunguza mwendo wa ugonjwa kidogo. Zile za kupigana na tau zingali zinajaribiwa. Lakini tau inaweza kupimwa leo mu damu, bila kungojea mutu afe na kupasuliwa kichwa, na hata Kinshasa watafiti Wakongomani pamoja na wenzao wa Marekani wameanza kuipima mu damu ya wazee wetu.

Daftari ya Auguste yenyewe ilidhaniwa imepotea. Mwezi wa 12 mwaka 1995, waganga wa Frankfurt waliikuta mu hifadhi ya hospitali, ndani ya jalada la buluu: maswali na majibu kwa mukono wa Alzheimer, picha ya mama ameketi na nywele ndefu na macho yaliyochoka, na karatasi ambayo alijaribu kuandikia jina lake. Miaka michache kisha, München, vikapatikana vioo vidogo vyenye vipande vya bongo yake, zaidi ya 200, pamoja na vya Johann F. Wakavitia mu mikroskopi za leo. Rangi ilikuwa haijafutika. Nyuzi zilikuwa pale, sawa vile alivyozichora, na mu vya Johann F., hata kwa macho ya leo, hazikuonekana.